Mashine Inayoota

Hadassa alikosea tangu jibu lake la kwanza, na kosa lenyewe lilikuwa zuri mno. Mama yake alimuuliza ni nini anachotaka kukifanya kwenye mashine ya marehemu baba yake, kompyuta kuukuu, naye badala ya kujibu kwa lugha ya darasani akatafuta mfano wa nyumbani.

"Mama, ni kama vile machine inalala, inaota. Mu ile ndoto inajiona iko machine ingine, kadogo, ya mwepesi. Njo ile banaita machine virtuelle."

Kabedi, mama yake, alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya mbabula, jiko la makaa, anachagua maharagwe na kutupa mawe uani. Mikono yake ikasimama. "Machine iko naota?"

"Ni vile."

"Na weye, utafanya nini mu ndoto yake?"

"Nitatia système ingine, Linux. Prof anataka kila muntu aonyeshe yake siku ya vendredi. Machine ya papa ni muzee, haiko na nguvu, njo maana nachagua Linux ya mwepesi. Tutaikatia kamémoire kidogo, itaenea mule ndani."

Msichana aliridhika na maelezo yake. Pale chuoni mjini wenzake wangempigia makofi. Alisahau tu kwamba hayuko chuoni, yuko Panda, mtaani kwao, katika nyumba ya kambi ya wafanyakazi ya zamani, mbele ya mama ambaye kwake ndoto si mchezo. Kabedi akiota meno yanang'oka, hakuna mtu anayetoka nyumbani mpaka ndoto hiyo ikatwe. Ndoto hukatwa ukiwa bado hujainuka, kabla hujamsalimia mtu: unaikataa kwa jina la Yesu, unaifunga, unairudisha ilikotoka. Usipoikata, inashuka kitandani pamoja nawe na kutembea mchana. Kanisani kwao wanafundisha hivyo, na Hadassa mwenyewe tangu utoto alizoea kukaa kimya asubuhi mpaka mama amalize kukata zake.

Kwa hiyo Kabedi alirudia maharagwe yake, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kushtuka.

Na alikuwa na sababu. Isidore, mume wake, alikuwa kiongozi wa kwaya, na mashine ile aliinunua mtumba ili arekodi nyimbo. Zilikuwemo nyimbo nyingi, sauti za watu wengi, lakini yeye mwenyewe hakusikika popote, kwa maana siku zote alikuwa upande wa pili, akinyoosha kipaza sauti kwa wengine. Isipokuwa mara moja. Ipo rekodi moja fupi, ya siku alipokuwa anajaribu vyombo peke yake sebuleni. Anahesabu kwa Kifaransa, anakohoa, anauliza kama mashine inaandika sauti. Halafu anaita kwa sauti ya mtu aliyechoka kidogo na aliyefurahi kidogo: "Kabedi! Chai iko wapi?" Kiti kinalia, mtu anaimba puani, basi.

Kila alasiri umeme ukirudi, Kabedi aliifungua. Alikuwa anaketi na kitenge chake cheusi cha ujane, jua la kiangazi linaingia dirishani likiwa limefifia kwa vumbi na moshi wa makaa, na mume wake anamwomba chai. Naye alijibu kwa sauti ya chini, "Inakuya, papa." Hadassa aliwahi kusikia akiwa nyuma ya pazia.

Siku moja alishauri rekodi hiyo inakiliwe kwenye flash. Mama alikataa. Alizikumbuka kaseti za kwaya za zamani, zilivyonakiliwa moja kutoka nyingine mpaka mwimbaji akasikika kama yuko chini ya maji. Sauti ya Isidore ilikuwa moja, na ingebaki moja, hapohapo ilipo.

Sasa Jumamosi ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Ukoo wote ungekuja. Na Théophile, kaka mkubwa wa marehemu, mkazi wa Buluo, alikwisha kuwatangazia watu kwamba Isidore aliacha maneno na yatasikika uani kwa baffle, yaani spika kubwa. Théophile hakuwahi kuisikiliza rekodi. Aliposikia ipo, alijua moja kwa moja kwamba ni maneno ya mwisho, wosia, labda na baraka. Kabedi hakuthubutu kumwambia kwamba ni chai.

*

Umeme ulirudi Jumatano mchana. Hadassa akaiweka mashine mezani, akaichomeka, maana betri yake ilikufa kabla ya mwenye mashine, na bila waya haiwaki hata kidogo. Akafungua programu yake. Ndani ya kioo kikubwa kikatokea kioo kidogo, cheusi, halafu cha buluu, na ndani ya kile kidogo mashine ikaanza kuamka kama haijawahi kuamka mahali pengine.

Kabedi alisimama nyuma yake ameshika sufuria tupu. Lazima tuseme ukweli: hata yeye aliona ni jambo zuri. Dirisha ndani ya dirisha. Alifikiri kama angesogea zaidi angeona chumba, na ndani ya chumba mtu.

Mashine ndogo iliuliza lugha, ikauliza saa za mahali. Halafu ikauliza la tatu, Hadassa akafinya kitufe bila kusoma, kama wanavyofanya vijana. Mstari ukaanza kutembea. Nje jirani akaita kwamba maji yamefika bombani, yasije yakaisha. "Mama, usiiguse, inajifanya yenyewe," msichana akasema, akachukua ndoo, akatoka.

Kabedi alisoma. Kifaransa chake kilikuwa cha shule ya msingi, lakini maneno mawili hayahitaji zaidi ya hapo. *Effacement du disque.* Inafuta diski. Mstari ulikuwa unakwenda taratibu, na kila ulipogusa, Kabedi aliona nyimbo zinaondoka, sauti baada ya sauti, na mwisho wa foleni Isidore na kikombe chake kitupu.

Tusimcheke. Mtu aliyelala akipiga kelele usingizini, humwachi amalize. Unamtikisa, unamwamsha. Kabedi alifanya hivyohivyo: aliweka sufuria chini, akasema "Kwa jina la Yesu," akavuta waya ukutani.

Kioo kikawa cheusi. Ndani ya weusi wake alijiona mwenyewe, kitambaa cheusi kichwani.

Hadassa alirudi na ndoo ikimwagika. Akaangalia waya mkononi mwa mama.

"Mama! Ulifanya nini?"

"Nilikata ndoto. Ilikuwa nafuta disque."

"Ile ni disque ya mu ndoto! Haiko ya kweli! Ingefuta ile ya ndani tu, vitu vya papa haingevigusa hata kamoja!"

"Weye njo uliniambia ni ndoto," Kabedi alisema polepole. "Minye najua ndoto. Ile inafutika mule, inafutikaka na huku."

Msichana alichomeka waya. Mashine ilinguruma, ikatoa maandishi meupe yasiyo na huruma, ikazimika, ikawaka, ikatoa yaleyale. Ilikuwa inajitafuta na haijioni. Walikaa wote wawili kuiangalia mpaka umeme ukakatika wenyewe, na hapo Kabedi akaanza kulia, bila sauti, machozi yakishuka kwenye maharagwe yaliyokwisha kuchaguliwa.

*

Alhamisi asubuhi Hadassa aliifunga mashine ndani ya kitenge kama mtoto mgonjwa, akaipeleka kwa Ricky, mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta karibu na soko. Ricky aliiwasha, akaangalia kidogo, akaizima.

"Tunaformater," alisema.

Hiyo ndiyo dawa ya Ricky kwa kila ugonjwa. Mashine ikichelewa, anaformater. Ikikataa kuchapa, anaformater. Anasafisha kila kitu, anaweka Windows mpya, mashine inarudi nyumbani inang'aa na haikumbuki mtu.

"Hapana, Ricky. Mule iko sauti ya papa."

"Haukucopier?"

"Hapana."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakisubiri simu zao waligeuka. Mmoja akauliza ilikufa vipi, na Hadassa, aliyechoka, akaeleza yote: Linux, mashine ndani ya mashine, mama, waya. Benchi likacheka. "Moja inamushinda, ananza kutia ya pili mu tumbo yake!" mwanamume mmoja alisema, na hata Ricky akaficha mdomo. Hadassa alisimama pale na kitenge mkononi, akaona aibu ya kuwa msomi kuliko aibu yoyote aliyowahi kuiona.

"Kama hautaki formater," Ricky akauliza, sasa kwa upole, "unataka tufanye nini? Kuomba?"

Swali hilo ndilo lililomsaidia. Aliwaza: Linux yake ni nyepesi kiasi kwamba inakaa kwenye flash. Inaweza kuamka hapohapo kwenye flash bila kuiomba diski kitu. Prof aliwahi kusema hivyo kwa haraka, mwisho wa somo, watu wakifunga madaftari.

"Nikopeshe machine yako kidogo," alisema. "Nataka kutengeneza flash."

Ricky alisogea, akamwachia kiti.

*

Hadassa alipofika nyumbani alikuta pikipiki mlangoni na baffle kubwa imefungwa nyuma. Théophile alikuwa amekuja kujaribu sauti mapema, pamoja na Mado, mke wake. Walikuwa wameketi sebuleni, na ilionekana wamekwisha kuambiwa, maana chai yao ilikuwa haijaguswa.

"Shemeki," Théophile alikuwa akisema, macho yapo mezani mahali mashine ilipozoea kukaa, "tulikuachia machine ya mudogo yangu juu iwe kumbukumbu. Haikuwa juu ya batoto bacheze. Nilishaambia bantu bote. Bandugu ba Kolwezi bako nakuya. Sasa nitabaambia nini?"

"Machine ndani ya machine," Mado akaongeza. "Mu nyumba ya mujane. Minye singekubali. Bantu banaweza kusema maneno."

Hadassa akasimama mlangoni. "Papa mukubwa, ni minye. Minye njo niliiharibu."

"Hapana." Kabedi aliinuka. Mwanamke huyu tangu msiba alikuwa akizungumza na wakwe zake ameinamisha kichwa, akijibu ndiyo kwa kila jambo: mahali pa kuketi, rangi ya kuvaa, siku ya kulia. Sasa aliinua kichwa. "Ni minye nilivuta fil mu ukuta. Mutoto haiko na kosa. Niliogopa."

Mado akaguna. Théophile akainua kikombe, akakirudisha.

Hadassa aliiweka mashine mezani. Bahati umeme ulikuwepo. Akachomeka flash, akafinya kitufe kimoja mara nyingi, kwa haraka, kama anapiga hodi. Kioo kikakaa cheusi muda mrefu. Halafu nuru ya buluu ikaja polepole, ileile ya jana, lakini sasa imejaa kioo kizima.

"Sasa," Kabedi akauliza, karibu kwa kunong'ona, "iko naota tena?"

Safari hii msichana alifikiri kwanza. Aliangalia jua lililokuwa limelala sakafuni, akaangalia mikono ya mama.

"Hapana, mama. Machine ingali nalala, siigusi. Ile flash ni kama jirani. Courant imekatika mu nyumba yetu, yeye anaingia na taa yake, anatuangalilia bintu byetu kama biko."

Kabedi alitafakari. Jirani mwenye taa alikuwa mtu anayemjua. "Basi aingie polepole," alisema. "Asikanyage kitu."

Jirani aliingia polepole. Diski ikaonekana, ikabishana kidogo, ikafunguka. Picha za harusi za watu, hati za kanisa, na folda moja yenye jina *Chorale*. Hadassa aliifungua, na nyimbo zikateremka kwenye kioo, mstari chini ya mstari, zote, na chini kabisa rekodi fupi isiyo na jina. Akashika mdomo kwa mkono.

"Mama, nacopier? Kwa flash? Haitapungua, nakuapia. Hii haiko kama kaseti."

"Copier," Kabedi akasema. "Copier mara mingi."

Théophile alikuwa amesogea karibu, miwani imepanda kipajini. "Tia tusikie. Tia maneno ya mudogo yangu."

Hapo Kabedi akamshika mkono wa shati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Yaya Théophile, ngojea. Haiko maneno ya mwisho. Nilikosa namna ya kukuambia. Anaomba chai."

"Chai?"

"Chai tu."

Théophile alikaa ameinama mbele ya kioo, mtu mzima aliyeahidi ukoo baraka na sasa anapewa kikombe, na uso wake ukapita katika hasira, aibu, halafu mahali pengine ambapo hapana jina.

"Tia," alisema.

Isidore akahesabu. Akakohoa. Akauliza kama inaandika. "Kabedi! Chai iko wapi?" Kiti kikalia, wimbo ukapita puani na kuisha.

Théophile aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na haikujulikana kama anacheka au analia mpaka aliposema, bila kugeuka, "Njo vile alikuwa namuita mama yetu. Vile vile. Hata akiwa katoto."

"Samedi pa matanga bantu batacheka," Mado alisema taratibu.

"Bacheke," alisema Théophile. Akachukua chai yake iliyopoa, akainywa yote.

*

Jumamosi uani palijaa. Viti vya plastiki vilikodiwa, jakaranda ilikuwa imepukutika, na baridi ya asubuhi ilipoondoka jua likatandaza joto jembamba juu ya watu kama shuka. Walisali, wakaimba. Wajane wenzake walimwingiza Kabedi ndani, wakamvua nguo nyeusi, wakamtoa amevaa kitenge cha manjano chenye majani ya kijani. Alitembea kwa tahadhari, kama mtu aliyetoka hospitali.

Théophile alisimama mbele. Alikuwa ametayarisha hotuba ndefu lakini akaiacha. "Niliwaambia mudogo yangu aliacha maneno," alisema. "Ni haya. Musikie vizuri, juu ni mafupi."

Hadassa akafinya. Sauti ya Isidore ikatoka kwenye baffle ikiwa kubwa kuliko alivyokuwa mwenyewe, ikajaza ua, ikafika barabarani ambako watu walipunguza mwendo. Un, deux, trois. Kikohozi. Inaandika? Halafu, mbele ya ukoo mzima, mbele ya mchungaji na ba Kolwezi na majirani wote wa kambi:

"Kabedi! Chai iko wapi?"

Watu wote wakamgeukia. Kabedi alijua wangegeuka. Kila alasiri alikuwa amemjibu kwa sauti ya chini, kila alasiri akimwahidi. Alitazama ile baffle, nguo ya manjano ikimwakia machoni kama si yake.

"Chai ilishaisha, papa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Lala sasa."

Kicheko kiliinuka kwanza, kicheko cha kweli, cha watu waliomjua Isidore na chai yake. Kikapanda, kikavunjika katikati, na wanawake wakaanza kulia wakiwa bado wanacheka, na Mado ndiye aliyelia kuliko wote. Kabedi hakulia. Alikuwa amesimama wima, anasikiliza wimbo wa puani mpaka mwisho wake.

*

Ijumaa Hadassa alikuwa amekwenda kwa prof mikono mitupu, na prof akampa siku chache za nyongeza, pamoja na kumkata alama, kwa sababu huruma ya chuoni ndivyo ilivyo. Kwa hiyo baada ya matanga, sauti ikiwa kwenye flash yake, kwenye simu ya Théophile na kwenye simu za nusu ya ukoo, Ricky aliruhusiwa hatimaye kuformater kwa raha zake. Mashine ikarudi mezani ikiwa mpya na bila kumbukumbu. Msichana akaanza upya.

Ilikuwa alasiri. Kabedi alivuta kigoda chake, akaketi kando. Kioo kidogo kikafunguka ndani ya kioo kikubwa. Lugha, saa, na hapo swali lenyewe likatokea: *Effacer le disque.* Hadassa aliondoa mkono kwenye mashine, akamtazama mama yake.

Kabedi alisoma mpaka mwisho. Akanyoosha kidole kilichopauka kwa majivu ya mbabula, akafinya mwenyewe.

Mstari ukaanza kutembea. Mashine ikaomba jina la mtumiaji, na Hadassa, bila kufikiri, akaandika *isidore*, jina la mwenye mashine.

"Hapana," mama alisema. "Weye njo uko nasoma. Tia yako."

Msichana akafuta, akaandika lake. Waliuangalia mstari. Feni ya mashine ililia kwa sauti moja, ndefu, ya kubembeleza, na nje mtu alikuwa akifagia majani. Kichwa cha Kabedi kikainama. Hadassa alimwacha, akaangalia mambo mawili yakiendelea bega kwa bega, mashine inaota na mama analala, akahakikisha kwa mguu kwamba waya umekaa vizuri ukutani.

Mama alipofumbua macho, kioo kidogo kilikuwa kinang'aa na jina la Hadassa limeandikwa katikati. Hadassa alikaa kimya kama alivyozoea asubuhi, akimngoja mama akate ndoto zake kwanza.

Kabedi akatazama dirishani.

"Niliota papa yako," alisema. "Alikuwa na chai yake mu mukono. Alikuwa nakunywa."

"Hautakata, mama?"

"Hapana," Kabedi alisema. "Ile ya leo, iache."